Wifi Niliyeachiwa na Githongo

Jumatatu, 6 Oktoba

Mureithi amesema niandike. Kila mtandao ukikatika, niandike siku na wakati, ili akiwapigia watu wa kampuni awe na la kuwaambia. "Mum, wakiuliza ilizima lini, usiwaambie juzi juzi hivi." Basi nimetoa daftari. Lakini mtu aliyefundisha Kiswahili Kajiado miaka yote ile hawezi kuandika saa peke yake akafunga kalamu. Mwanangu atavumilia.

Leo: umekatika asubuhi katikati ya mahubiri, umekatika tena mchana, umerudi wenyewe jioni bila hata kuomba radhi.

Jumanne, 7 Oktoba

Umekatika. Vumbi tupu, hakuna dalili ya mvua.

Alhamisi, 9 Oktoba

Siwezi kuendelea kuandika "umekatika, umekatika" kama mtoto aliyepewa adhabu. Isitoshe, hapa nyumbani hatusemi mtandao. Tunasema Wifi, na si kwa sababu vijana wanasema hivyo.

Siku Githongo alipoleta kile kisanduku nilikuwa jikoni nachambua sukuma wiki. Nikasikia mlango, kisha sauti ikiniita: "Lahabu! Kuja uone! Nimekuletea wifi!" Kwa Kiswahili nilichosoma na kufundisha, wifi ni dada ya mume. Nikavua aproni, nikafuta mikono, huku nikijiuliza kama wali uliobaki utamtosha dada yake mkubwa, ambaye sahani moja humchokoza tu. Nikatoka na lile tabasamu tunalowawekea mawifi. Sebuleni alikuwa mume wangu peke yake, amekumbatia ruta nyeusi yenye masikio mawili. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye zulia.

Jina likashika, na likamfaa. Anakula stima usiku na mchana, ananuna wageni wakija, na huwezi kumfukuza kwa sababu ni wa upande wa mume.

Githongo alituacha mwaka juzi, wakati wa mvua za masika. Wifi akabaki.

Jumapili, 12 Oktoba

Binti yangu Waithera hupiga kila Jumapili jioni, kwao Kanada kukiwa asubuhi. Leo Wifi alimgandisha mdomo wazi, jicho moja limefumba, nami nikabaki kuiambia picha "haloo, haloo." Aliporudi alikuwa anamalizia maneno yake: "...kwa hivyo Desemba, Mum, Mungu akitujalia."

"Desemba nini?"

"Si nimesema tunakuja! Mimi na Githongo."

Moyo ulinipasuka kabla sijakumbuka ni Githongo yupi. Ni mwanawe wa pili, kijana wa miaka mitatu. Kwetu Wakikuyu mtoto wa kiume wa pili huchukua jina la babake mama, kwa hivyo Waithera humwita mtoto wake "baba," nami humwita "mume wangu." Sijawahi kumshika mkononi. Waithera hajarudi tangu aondoke. Hata babake alipofariki karatasi zake za kusafiria hazikuwa zimekamilika, akaomboleza kupitia Wifi, simu tumeiegemeza kwenye chupa ya chai, maombi ya kila jioni, wiki nzima. Wifi hakukatika hata mara moja wiki ile. Kwa hilo namheshimu.

Jumatano, 15 Oktoba

Amekatika kutwa. Namheshimu, lakini si leo.

Jumapili, 19 Oktoba

Mureithi amekuja kutoka kwake Gataka. Amekula, amekunywa chai, kisha akasafisha koo. Mwanangu akisafisha koo najua kuna hotuba.

"Mum, ile rumu ya chini iko tayari. Hii nyumba tupangishe. Kuna watu wanatafuta."

"Nani amekuambia nahama?"

"Uko peke yako huku. Niliweka kamera kwa geti ndio nikuone ukitoka, ukiingia. Sasa kila nikifungua simu naona giza. Giza, Mum. Nitajuaje kama uko sawa ama umeanguka?"

"Si unipigie."

"Hushikangi."

Hapo alinishika pabaya, kwa sababu simu huiacha chumbani nikiwa shambani. Tukabishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe akatoa masharti: "Hii mvua inayokuja ikipita na kamera iko on, mimi nanyamaza. Hutanisikia tena. Lakini Wifi akilala tena moja kwa moja, nakuja na lori, na hatutaongea."

Nikampa mkono, kama watu wanaouziana ng'ombe. Alipoondoka ndipo nikaogopa. Nyumba hii Githongo aliijenga chumba kimoja kimoja, kila biashara yake ya nyasi za mifugo ilipomwendea vizuri pale Kisaju. Chumba cha Waithera kilijengwa kwa ukame: ng'ombe wa watu walikonda, nyasi zikapanda bei, na yeye akaona haya kuufurahia ukuta ule. Nikihamia Gataka nitapewa kitanda kizuri na nitakuwa mgeni mpaka nife. Na Waithera atashuka kwenye ndege aende kulala kwa kakake. Nyumbani hatakuwa nako.

Sasa yote hayo yako mikononi mwa Wifi, ambaye hata mahubiri hamalizi.

Jumatatu, 20 Oktoba

Sikukuu ya Mashujaa. Wifi mzima siku nzima.

Mke wa mchungaji alipita kunisalimu akaomba kuunganishwa. Nikajua kitakachofuata. Alifungua simu, akasoma, akainua macho, akasoma tena. "Mwalimu, hata wewe?"

Alikuwa amesoma jina la mtandao wetu. Mtu yeyote anayepita na simu kwenye barabara yetu analiona: KALIBU NYUMBANI. Na neno la siri ni jina langu, Lahabu, kwa L badala ya R, likifuatwa na mwaka tuliooana. Nyumba ya mwalimu wa Kiswahili! Nimewatamkia wageni herufi hizo miaka mingi nikiwa nimeinamisha kichwa: "Kalibu, kwa L. Usiniulize."

Sisi watu wa kutoka Nyeri tuna ulimi wetu, L na R tunaziokota tu kwenye kapu moja. Mimi nilinyooshwa chuoni. Githongo hakunyooshwa na mtu. "Reo tutarara mapema," alikuwa akisema, kisha hapo hapo, "Lahabu, reta ladio." Zote mbili anazo, ila kila moja anaipeleka kwa jirani.

Tulijuana kwa kosa. Nilikuwa mwalimu mgeni Kajiado, naye ndiye aliyeleta chakula cha shule kwa pikapu. Siku hiyo mwalimu mkuu alinituma nipokee mzigo. Karatasi ilisema: "Malagwe, gunia nne." Nilikuwa na kalamu nyekundu mkononi, nikazungushia duara, nikaandika juu yake: maragwe, magunia manne. Akaitazama ile karatasi, akanitazama mimi, akaikunja vizuri akaitia mfukoni. Mara iliyofuata aliandika: "Maragwe, magunia manne. Shukulani." Nikazungushia shukulani. Mara ya tatu hapakuwa na maragwe wala mahindi, alileta karatasi tupu yenye maneno matatu: "Mwalimu, kalibu Kisaju." Hiyo sikuisahihisha. Nilienda.

Jina la mtandao nilimwomba alibadilishe mara nyingi sana. Alisema kisanduku kimekataa.

Jumapili, 26 Oktoba

Mawingu upande wa Ngong. Waithera aliganda mara mbili. Mtoto alilala mapema, sikumwona.

Jumanne, 28 Oktoba

Mvua! Imeanza alasiri, matone makubwa kwenye mabati, harufu ya udongo ikaingia mpaka chumbani. Udongo wetu mweusi ukilowa hauachi kiatu. Wifi alizimika na tone la kwanza, akarudi kulipokauka.

Jumamosi, 1 Novemba

Mvua. Wifi amekatika. Nimemtoa, nimemrudisha. Nimempangusa. Nimemsemesha.

Jumanne, 4 Novemba

Nimemwita Phylis, fundi mwenye duka la vifaa vya umeme mjini Kitengela, karibu na soko. Ni mama wa Kikamba, mnene, mcheshi, asiye na haraka. Aliingia, akauliza Wifi yuko wapi, nikamwonyesha kabati la vyombo. Akatazama, hakuona.

"Yuko chini ya kitambaa," nikasema.

Phylis akakiinua kwa vidole viwili. Ni kitambaa nilichofuma mwenyewe wiki zile za matanga, uzi mweupe na pembe za waridi, nikakitia mikunjo miwili kwa sababu ya vumbi. Kila kitu katika nyumba hii kina kitambaa: viti, redio, televisheni, mtungi wa maji. Ningemwacha yeye peke yake uchi?

"Mwalimu," akasema, "hii kitu umeipika."

"Nimeipika?"

"Shika hapa." Nikashika. Ilikuwa na joto kama chapati iliyotoka kwa moto. "Inataka kupumua. Wewe umeifunika blanketi, mchana, usiku, miaka miwili. Ikishikwa na joto inajizima, ikipoa inarudi. Halafu stima ya mvua ikicheza cheza, ndio inamalizika."

Nilicheka kwanza, kisha nikalia, na Phylis akaketi nami. Nilikuwa namtunza. Githongo aliniachia vitu vichache vinavyopumua, na kimoja nimekibana pumzi kwa mikono yangu mwenyewe.

Kitambaa kimetolewa. Phylis anasema Wifi anaweza kusukuma siku chache, lakini nianze kutafuta mwingine.

Ijumaa, 7 Novemba

Bila kitambaa hajakatika tangu Jumanne. Mureithi ametuma ujumbe: "Nimekuona ukitoka na ndoo. Poa sana Mum." Huenda tutavuka.

Jumamosi, 8 Novemba

Hatukuvuka. Radi ilipiga alasiri mahali karibu sana. Dirisha lilitetema, taa zikawaka nyeupe kisha zikazimika. Stima iliporudi kila kitu kiliamka isipokuwa Wifi. Hakuna taa ya kijani, hakuna nyekundu. Kuna harufu ya plastiki iliyoungua.

Nilimpigia Mureithi mwenyewe kabla hajaona giza. Akasema: "Sawa Mum. Ni radi, hiyo sitahesabu. Lakini nakupea wiki moja. Jumamosi ijayo nikifungua simu nisione geti, unajua."

Jumatatu, 10 Novemba

Nyumba imenyamaza. Sikujua kile kitaa cha kijani kilikuwa kinanisindikiza chooni usiku.

Kuchagua ni kazi. Mureithi ametuma picha ya ruta yenye masikio manane, imelala chali kama nge aliyekufa, anasema ndiyo kali. Kijana mmoja kwenye hema la kampuni, pale penye mzunguko, alinipa nyingine ya bure kabisa, mradi nitie sahihi ya kufungwa naye muda mrefu kuliko nilivyochumbiwa. Mama anayeniletea maziwa, Mama Nashipae, akanisikia nikilalamika. "Sopa, Mwalimu!" akanisalimu kwa Kimaasai, nami nikaitikia, "Epa." Akaniambia ng'ombe wa kununua hapimwi pembe, anapimwa kwa malisho uliyo nayo. Hana ruta nyumbani, lakini ndiye aliyenisaidia zaidi wiki hii.

Jumanne, 11 Novemba

Dukani kwa Phylis. Sikuuliza masikio. Nilimweleza malisho: nyumba ya mawe, vyumba vitano kwa mstari, mabati juu, stima inayopotea na kila wingu, na ajuza anayeketi dirishani Jumapili kuzungumza na Kanada. Akazipanga tatu mezani. Ya kwanza akaitoa mwenyewe: "Hii ni ya watoto wa kucheza gemu." Ya pili ilikuwa nafuu, lakini mawe yangu yangeishinda. Ya tatu ilikuwa nyeupe, fupi, imesimama wima, haina sikio hata moja kwa nje, na matundu pande zote. Pamoja nayo akaweka betri ndogo, ili stima ikipotea iendelee.

"Na hii huwezi kuivalisha kitambaa," akasema. "Kitateleza."

Nikarudi na njia ya Kisaju ingawa si njia ya nyumbani. Ghala la nyasi la Githongo sasa lina mtu mwingine na rangi nyingine. Nikamkumbuka zile Jumapili alizokuwa akinipeleka mpaka Kona Baridi, pale nchi inapokatika ghafla na bonde la kwenda Magadi linafunguka chini yako lote. Upepo wa pale ungekuvua leso kichwani. Alikuwa akisimama ukingoni anaita, "Lahabuuu!" Nami namsahihisha mbele ya wauza mahindi ya kuchoma: "Rahabu!" Naye anasema, "Upepo haujui hayo."

Nimemkosa leo kuliko siku aliyokufa. Siku aliyokufa palikuwa na watu wengi.

Alhamisi, 13 Novemba

Siku kubwa. Phylis amemfunga Wifi mpya. Akafungua simu yake, akaniuliza: "Jina tunaita nani? Lile la zamani?"

Miaka yote hiyo nimengoja swali hilo. "Andika KARIBU," nikasema. "Kwa R."

"Na neno la siri?"

"Rahabu. Kwa R pia."

Akaandika. Akaunganisha simu yangu na televisheni. Nikasoma kwenye kioo, KARIBU NYUMBANI, herufi zote mahali pake, nikahisi kama nimemaliza kusahihisha rundo la madaftari la maisha yangu yote. Nikasema kwa sauti, "Githongo, umepata alama zote."

Nimempigia Mureithi: kazi imekwisha, Wifi mpya yuko, ana nguvu, hana masikio. Amesema ataangalia.

Ijumaa, 14 Novemba

Hajakatika hata kidogo. Lakini kuna mambo mawili.

La kwanza, Mama Katee, jirani yangu ng'ambo ya ua wa michongoma. Githongo alimpa neno la siri tangu zamani, maana mwanawe Katee hufanya kazi Mombasa na humtumia mamake ujumbe wa sauti, naye huusikiliza uani kwa sauti ya juu, na hivyo mimi pia najua habari zote za Katee, pamoja na za meno yake. Tangu jana kimya. Asubuhi nilimwamkua, akajibu, "Ni sawa tu," akainamia majani yake. Nadhani ni wivu wa kisanduku kipya. Sikumtegemea hivyo.

La pili, Mureithi ametuma ujumbe: "Mum bado ni giza." Nikajibu Wifi yuko sawa kabisa, naangalia taarifa sasa hivi. Akajibu: "Kamera inasema hakuna network." Nikamjibu ajaribu tena. Hakujibu.

Jumamosi, 15 Novemba

Alikuja na lori.

Nilisikia likihangaika na matope kabla sijaliona. Mvua ilikuwa inanyesha ile ya kusimama, bila upepo. Mureithi akashuka na maboksi matupu, viatu vyake vya kazini vimekwisha kwa matope, na dereva akabaki ndani akitazama pembeni, kama watu wanavyotazama pembeni penye msiba.

"Tulisema wiki moja," akasema. Hakusafisha koo.

"Wifi anafanya kazi."

"Mum, usinidanganye. Umenidanganya jana siku yote. Nimekaa ofisini naangalia giza."

Hajawahi kuniambia neno hilo. Nilimfundisha mimi kwamba mtu mzima haambiwi anadanganya, anaambiwa amesahau. Nikamshika mkono na maboksi yake nikamwingiza ndani, nikamwonyesha taa za kijani, nikawasha televisheni, na mtu akatokea akisoma habari. Mureithi akasimama pale akichuruza maji kwenye zulia. Alikuwa na hasira, lakini sasa hakujua aiweke wapi. Nami niliona kitu ambacho nilikuwa sijakiona mwaka wote huu: hakutaka kunihamisha. Aliogopa. Ni yeye aliyemkuta babake sakafuni.

"Basi kwa nini geti haionekani?" akasema, kwa sauti ndogo.

Akatoka kwenye mvua mpaka kwenye nguzo ya geti, akaifungua ile kamera yake iliyojificha ndani ya bogenvilia, akarudi ameiweka kifuani chini ya koti. Akaiunganisha na simu yake, akasoma. Akasoma tena.

"Mum. Mlibadilisha jina?"

"Nilisahihisha."

"Kamera inatafuta KALIBU." Akanigeuzia kioo nione. "Imefundishwa hilo jina. Haijui lingine. Kila kitu kilichokuwa kimeunganishwa kinatafuta hilo. Simu yangu pia, ona, iko hapa ndani ya nyumba na haijaingia."

Ndipo nikamwona Mama Katee akilini, ameinamia majani, akidhani nimemfungia mlango baada ya miaka yote ile, na ameona haya kuuliza. Hakuwa na wivu. Nilimsahihisha akabaki nje.

"Rudisha," nikamwambia Mureithi.

"Rudisha nini?"

"Kosa. Lirudishe lilivyokuwa. Na neno la siri. Kwa L."

Akaichukua simu yangu, akaketi kwenye mkono wa kiti, palepale alipokuwa akiketi babake, akaanza kuandika. K, A. Akasita. Nikaona bega linatikisika, nikadhani ni baridi.

"Unajua nilimwambia," akasema. "Siku ile aliweka hii kitu. Mimi ndiye nilimsaidia. Aliandika hivyo, nikamwambia, Baba, ni R, karibu ni R. Akaniambia, 'Najua. Wacha tu hivyo.'"

"Alisema kimekataa."

"Hakikukataa. Alisema, 'Wacha hivyo. Mama yako amestaafu sasa. Akikosa cha kusahihisha atazeeka.'"

Karatasi ya maragwe nilimsahihisha mara moja tu. Shukulani mara moja. Mtu anayeikunja karatasi vile na kuitia mfukoni hakosei kwa bahati mbaya miaka arobaini na ushei. Alijua. Labda hata Kona Baridi alijua. Nilikaa kwenye kiti changu nikalia mbele ya mwanangu, naye akalia, na dereva wa lori huko nje akapiga honi kidogo kuuliza.

Mureithi akafuta macho, akaandika herufi zilizobaki. L, I, B, U. Akabonyeza.

Wifi alizima taa zote, akakaa kimya, akaziwasha. Simu ya Mureithi ikalia mlio mmoja. Kitaa cha kamera, hapo mezani kati ya vikombe, kikageuka buluu, na kwenye simu yake tukajiona wenyewe, uso wake na wangu, tumevimba macho. Na ng'ambo ya ua, katikati ya mvua, sauti ya Katee wa Mombasa ikaanza kufoka mfululizo, ujumbe juu ya ujumbe, siku zote alizokosa kusikizwa.

"Mama Mureithi!" Mama Katee akapiga kelele. "Mama Mureithi, imerudi!"

"Haikuwa imeenda!" nikamjibu. "Ni mimi nilikuwa nasahihisha!"

Maboksi Mureithi aliyarudisha kwenye lori mwenyewe. Mlangoni akageuka. "Kaa, Mum. Lakini kitambaa nisikione."

Jumapili, 16 Novemba

Mama Katee ameniletea maembe. Nimeambiwa habari za Katee upya, zote, kwa mdomo, ingawa nilikuwa nimezisikia.

Waithera alikuwa wazi kabisa, hata nikaona amepata mvi moja. Sikumwambia.

Jumatano, 26 Novemba

Mvua kubwa. Stima imepotea tangu asubuhi. Wifi anaendelea na betri yake kama hajasikia.

Ijumaa, 12 Desemba

Jamhuri. Mvua zimekwisha, nyasi zimefika magotini. Mureithi hajasema neno. Amekuja kupaka rangi chumba cha dada yake, na amekipaka vibaya kama babake.

Jumamosi, 20 Desemba

Walifika saa za chai. Mureithi aliwaleta kutoka uwanja wa ndege. Nilitaka kukimbia mpaka getini lakini magoti yaliniambia nitembee.

Waithera alishuka, na kabla hajanikumbatia alisimama kwenye matope yaliyokauka, mkono kwenye mfuko wa koti. Simu yake ilikuwa imelia. Ni simu ile ile aliyoondoka nayo, hutumia hiyo ya kizamani akisafiri. Akaitoa, akaitazama. Nikaiona sura yake ikibadilika.

"Mum," akasema. "Imeshika yenyewe. Hata sijaingia."

"Ilikuwa inakungoja."

"Inasema KALIBU." Akaanza kucheka, na kicheko kikamgeukia njiani, akaniangukia begani, na nikamshika kwa yale maombolezo yote ya simu na chupa ya chai.

Kisha nikahisi mtu ananivuta leso. Mume wangu alikuwa amesimama pale kwa koti la baridi katika jua la Kitengela, kichwa kikubwa, masikio mawili yametoka nje. Mamake alikuwa amemfundisha neno moja la kuniambia mimi, nyanya yake, njia nzima kwenye ndege, na hakujali kwamba ni mimi niliyepaswa kulisema.

"Kalibu, Shosho."

Nikainama mpaka macho yetu yakalingana.

"Ka-ri-bu," nikamwambia.

"Ka-li-bu."

"Ri."

"Li," akasema, akitabasamu, na nikaapa anajua.

Nikamshika mkono tukaingia ndani. Kazi ninayo.